Umeme Haukuziua Nyimbo za Jadi: Kuitetea Liege & Lief

Mwaka 1969 bendi ya vijana wa London iitwayo Fairport Convention ilitoa albamu tatu. Ya mwisho, Liege & Lief, iliingia madukani mwezi Desemba chini ya lebo ya Island. Ina vipande vinane tu, kimoja kikiwa mfululizo wa midundo ya kuchezea isiyo na maneno, na bado vipande hivyo vinane vimezua ubishi usiokwisha. Wapo wanaosema viliua muziki wa jadi wa Uingereza. Wapo wanaoviona vitu vya makumbusho. Na wapo mashabiki wenzangu wanaovipamba kwa sifa ambazo si zake. Mimi naipenda albamu hii kwa moyo wote, lakini kuipenda kazi hakumpi mtu ruhusa ya kuisemea yasiyokuwapo, kama ambavyo kuichukia hakumpi mwingine ruhusa hiyo. Madai nimeyasikia ya kutosha. Acha niyajibu.

Kongwe kati ya yote ni kwamba umeme ulizinajisi nyimbo za mababu. Waliolianzisha dai hili walikuwa watu wa klabu za muziki wa jadi za miaka ya 1960, na klabu hizo zilikuwa na sheria zake. Katika ile aliyoiongoza Ewan MacColl jijini London, mwimbaji alitakiwa aimbe nyimbo za kwao kwa lugha ya kwao. Gitaa la umeme lilihesabiwa kuwa sauti ya biashara. Mei 1966 Bob Dylan alipanda nalo jukwaani Manchester, na mtu mmoja katika hadhira akamwita Yuda kwa sauti kubwa. Dylan angalau alikuwa akiimba nyimbo zake mwenyewe. Fairport walizichukua zile zilizorithiwa, zisizo na mwenyewe, wakaziwekea gitaa la umeme, besi na ngoma kamili. Machoni pa wahifadhi hilo lilikuwa kosa kubwa zaidi. Msomaji aliyewasikia wazee wa pwani wakibishana juu ya taarab ya vinanda vya umeme anaijua vizuri hasira ya namna hii.

Tatizo la hoja hii ni kwamba inadhani kulikuwa na wimbo safi ambao haukuwahi kuguswa na mkono wa mtu mpaka Fairport walipotokea. Haukuwapo. Cecil Sharp, mtu ambaye jumba la muziki wa jadi London limepewa jina lake, alianza kazi ya kukusanya mwaka 1903 katika kijiji cha Hambridge, Somerset, alipomsikia mtunza bustani aitwaye John England akiimba. England aliimba kwa sauti yake tu. Sharp aliuandika wimbo ule, kisha akauwekea piano. Makusanyo aliyoyachapisha baadaye yamejaa piano, na mistari iliyozungumza wazi mambo ya chumbani aliilainisha ili ifae kuimbwa shuleni na sebuleni. Piano haikuwa chombo cha vibarua wa mashamba ya Somerset. Kama kuongeza chombo ni kunajisi, basi unajisi ulianza na mhifadhi mkuu mwenyewe, miaka zaidi ya 60 kabla ya Richard Thompson wa Fairport kuchomeka gitaa lake kwenye amplifaya.

Tazama pia nyimbo zenyewe. "Reynardine", wimbo wa pili kwenye albamu, ni kisa cha mwanamume wa ajabu anayemvuta msichana hadi milimani. Ule uzito wa giza unaowafanya wasikilizaji wamwone kama mbweha aliyevaa umbo la mtu unatokana kwa kiasi kikubwa na A. L. Lloyd, msomi na mwimbaji wa karne ya 20, aliyezifinyanga upya beti za zamani. Lloyd alikuwa mmoja wa wazee walioheshimiwa zaidi katika klabu zilezile. Nenda kwenye "The Deserter". Kijana analeweshwa, anaandikishwa jeshini kwa nguvu, anatoroka, anasalitiwa kwanza na rafiki kisha na mchumba wake, na anapokaribia kupigwa risasi anatokea Prince Albert na kumfungulia minyororo. Albert, mume wa Malkia Victoria, alifariki mwaka 1861. Kwa hiyo kuna mwimbaji wa karne ya 19 aliyeuchukua wimbo na kuupa mtu ambaye wasikilizaji wake walimjua. Hakuomba kibali kwa yeyote. Fairport walifanya kile ambacho waimbaji wa kijijini walikuwa wakikifanya siku zote.

Kama ushahidi huo hautoshi, waulizwe wakuu wa jadi wenyewe. Martin Carthy, ambaye hakuna aliyeutilia shaka uhalali wake katika muziki huu, alijiunga na kundi la Steeleye Span mwaka 1970 na kushika gitaa la umeme. Shirley Collins, sauti iliyolelewa na nyimbo za Sussex, alitoa No Roses mwaka 1971 akiwa na kundi kubwa la wanamuziki, vyombo vya umeme vikiwamo. Watu hawa wawili wasingekwenda kuchezea makaburini.

Lakini jibu kamili limo masikioni. Sikiliza "Matty Groves". Ni kisa kirefu: mke wa bwana mkubwa anamwona kijana kanisani siku ya sikukuu na kumwalika nyumbani, mtumishi anasikia na kukimbia kwenda kumwambia bwana wake, bwana anawakuta kitandani, anampa kijana upanga ulio bora kuliko wake ili asije akalaumiwa, kisha anamuua. Anamuuliza mkewe sasa anampenda nani. Mke anajibu kwamba anaupenda zaidi mdomo wa yule maiti. Anauawa naye. Sandy Denny anaisimulia habari hii yote bila kulia wala kupaza sauti kupita kiasi, na nyuma yake bendi inatembea kwa mwendo mmoja ulionyooka, besi ya Ashley Hutchings ikishika njia. Hakuna anayejionyesha wakati hadithi inaendelea. Wafu wanapokwisha kuwekwa kaburini, mke juu kwa sababu ya ukoo wake bora, ndipo gitaa la Thompson na fidla ya Dave Swarbrick vinaachiwa uwanja, na vinafukuzana hadi wimbo unapopita dakika nane. Umeme pale haujaifunika hadithi. Umeisubiri imalizike, ndipo ukazungumza. Ningependa kumsikia mtu akinionyesha ni wapi hasa pana unajisi.

Sasa niwageukie wenzangu, maana nasi tuna dai letu: kwamba Liege & Lief ndiyo iliyoanzisha kuchanganya muziki wa jadi na roki. Si kweli, na tuache kulisema. The Animals walipeleka "House of the Rising Sun", wimbo wa jadi, kileleni mwa chati mwaka 1964. The Byrds walikuwa wamekwisha kujijengea jina Marekani kwa mchanganyiko huo. Pentangle, majirani wa Fairport jijini London, walikuwa wakizipiga nyimbo za jadi kwa besi na ngoma tangu 1967, ingawa kwa ladha ya jazi. Na Fairport wenyewe walikwisha kuifungua njia: mapema mwaka huohuo wa 1969 walitoa What We Did on Our Holidays yenye "Nottamun Town" na "She Moves Through the Fair".

Upya wa Liege & Lief uko kwingine. Hapo awali wimbo wa jadi ulikuwa mgeni ndani ya albamu ya roki. Hapa nyumba nzima ilijengwa kwa ajili yake. Hutchings alishinda kwenye maktaba ya Cecil Sharp House akichimba matoleo ya nyimbo, bendi ikaoanisha beti, ikachagua miendo, na hata nyimbo mpya zikatungwa kwa mizani ya zile za kale. Ni albamu ya kwanza ya roki ya Uingereza ninayoifahamu ambayo mwanzo hadi mwisho inaongea lugha hiyo moja. Sifa hiyo inatosha. Haihitaji nyingine ya kuazima.

Dai linalonigusa zaidi ni lile linalosema albamu hii ni zao la ajali. Usiku wa kuamkia Mei 12, 1969, gari la bendi lilikuwa likirudi London kutoka maonyesho ya Birmingham. Lilipinduka kwenye barabara kuu ya M1. Martin Lamble, mpiga ngoma, akafariki akiwa na miaka 19. Jeannie Franklyn, mpenzi wa Thompson, akafariki pia. Walionusurika walitoka na majeraha na hawakujua kama bendi ingeendelea kuwapo. Baadaye walipangiwa nyumba kijijini Farley Chamberlayne, karibu na Winchester, na huko, majira ya kiangazi, nyimbo hizi zikafanyiwa mazoezi wakiwa na Swarbrick kama mwanachama kamili na Dave Mattacks, mpiga ngoma aliyetoka bendi za dansi na ambaye muziki wa jadi ulikuwa mgeni kwake.

Kutokana na ukweli huo watu wamejenga hekaya: vijana walioumia walikimbilia nyimbo za kale kama dawa, na bila kifo kile kusingekuwa na albamu. Hekaya hii inavutia, lakini haimtendei Lamble haki. "A Sailor's Life", wimbo wa jadi wa zaidi ya dakika 11 uliomo kwenye Unhalfbricking, albamu yao ya pili ya mwaka huo, ulirekodiwa kabla ya ajali, na mpiga ngoma ni Lamble mwenyewe. Swarbrick alikuwa mgeni studioni siku ile. Sikiliza jinsi Lamble anavyoanza kwa kuzigusa tu ngoma, anavyomsubiri Denny amalize beti, na jinsi anavyoiinua bendi taratibu kama bahari inayoanza kuchafuka. Kila kitu ambacho Liege & Lief ingekuja kukifanya kimo pale. Wazo lilizaliwa Lamble akiwa hai, mikononi mwake. Kuliita tunda la kifo chake ni kumnyang'anya kazi yake.

Tena kulikuwa na sababu nyingine, ya kimuziki kabisa. Mwaka 1968 kundi la The Band lilitoa Music from Big Pink, na vijana wa Fairport, waliokuwa wameanza mwaka 1967 kwa kuiga makundi ya Marekani, waliisikia wakatambua kwamba muziki wa mizizi ya Marekani ulikuwa na wenyewe, nao wasingewafikia. Ikabidi wajiulize mizizi yao iko wapi. Denny alilijua jibu tangu awali, kwa kuwa alitoka kwenye klabu za nyimbo za jadi na alikuja na nyimbo hizo kichwani alipojiunga na bendi mwaka 1968.

Huzuni haikosekani, sikatai. Imo kwenye "Farewell, Farewell" na "Crazy Man Michael", na mtu anayejua yaliyowapata mwezi Mei hawezi kuzisikiliza kwa masikio ya kawaida. Ila ipo kama mambo mengine yote ya maisha yalivyomo kwenye albamu: mapenzi, hila, ujasiri, ulevi, uchawi. Haiko peke yake.

Nyimbo hizo mbili zinanifikisha kwa wale wanaosema hapa hakuna ubunifu, ni kukopi maktaba tu. Maneno ya zote mbili ni ya Thompson, aliyekuwa na miaka 20. "Crazy Man Michael" ina muziki wa Swarbrick. Mtu anakutana na kunguru anayemtabiria kwamba atamuua mpenzi wake kwa mkono wake mwenyewe; anamuua ndege kwa hasira, na anapomtazama anamkuta mpenzi wake amelala pale amekufa. Ukimpa msikilizaji asiyeambiwa chochote, atakuapia kwamba wimbo huu una miaka 300. Kuandika hivyo ukiwa na umri ule, bila kujikwaa kwenye lugha ya bandia ya kale, ni ubunifu wa daraja la juu, na wengi waliojaribu baada yake wameshindwa.

"Farewell, Farewell" ina habari tamu zaidi. Thompson aliyaweka maneno yake kwenye muziki wa wimbo wa jadi "Willie O'Winsbury", ambao kundi la Sweeney's Men la Dublin lilikuwa limeurekodi mwaka 1968. Andy Irvine wa kundi hilo amesimulia kwamba muziki ule haukuwa wa wimbo ule: alipokuwa akitafuta kitabuni alichanganya nambari, akachukua muziki wa wimbo mwingine. Leo karibu kila anayeimba "Willie O'Winsbury" anauimba kwa muziki huo wa kukosea. Hivyo ndivyo jadi inavyofanya kazi. Inapokea hata makosa, ikiwa ni mazuri.

Halafu kuna "Tam Lin", ambayo kwangu ndiyo kilele. Janet anakwenda Carterhaugh, msitu uliokatazwa karibu na Selkirk kule Uskoti, anachuma waridi, na Tam Lin anamtokea. Janet anapata mimba. Anagundua kwamba Tam Lin ni mateka wa malkia wa majini na kwamba usiku wa kuamkia Siku ya Watakatifu Wote huenda akatolewa kafara. Njia ya kumwokoa ni moja: amvute kutoka juu ya farasi na asimwachilie, hata atakapogeuzwa nyoka na simba mikononi mwake. Bendi inaucheza wimbo huu kwa mapigo mazito yanayokatakata, gitaa na ngoma zikigonga pamoja, na sauti ya Denny inapita katikati kama mtu aliyekwisha kuamua. Hakuna kitabu cha maktaba kilichowapa mpangilio ule. Waliutunga wao.

Wapo pia wanaoishuku albamu kwa upande wa siasa: wanasema ni ndoto ya Uingereza ya kale, ya watu wa damu moja na mashamba ya kijani. Nalielewa shaka hilo, kwa maana nyimbo za jadi zimewahi kutumiwa hivyo katika nchi nyingi. Lakini hesabu vilivyomo. "Tam Lin" ni ya Uskoti. Ule mfululizo wa midundo una "Rakish Paddy" na "Toss the Feathers", vitu vya fidla vya Ayalandi. Muziki wa "Matty Groves" unafanana na "Shady Grove" ya milima ya Appalachia, Marekani, ambako nyimbo hizi zilisafiri na wahamiaji. Francis James Child, aliyezipa nambari nyimbo 305 za masimulizi ambazo wanajadi wote wanazitegemea, alikuwa profesa wa Harvard. Mtayarishaji wa albamu, Joe Boyd, ni Mmarekani. Na wakubwa wenyewe wanaonekanaje ndani ya nyimbo? Bwana mkubwa anaua watu wawili na kupanga kaburi kwa ngazi za ukoo. Jeshi linakamata walevi barabarani. Hata huruma ya Prince Albert inamrudisha kijana kwenye jeshi alilolitoroka. Anayetafuta sifa za dola akatafute kwingine.

Kuhusu dai kwamba haikununuliwa: ilifika nambari 17 kwenye chati ya albamu ya Uingereza. Tusonge mbele.

Dai moja zaidi linastahili jibu, kwa kuwa linatumia jambo la kweli. Denny na Hutchings waliihama bendi Novemba 1969, albamu ikiwa haijatoka. Basi, wanasema, hata wenyewe hawakuiamini. Angalia walikokwenda. Denny alitaka nafasi ya nyimbo zake mwenyewe, akaanzisha kundi la Fotheringay. Hutchings alitaka jadi zaidi ya ile, akaanzisha Steeleye Span. Mmoja aliona albamu imezama mno katika nyimbo za kale, mwingine akaona bado haijazama vya kutosha. Watu wawili wanaovuta kuelekea pande tofauti hawawezi kuwa ushahidi wa kasoro moja. Kwangu mvutano huo ndio unaoipa albamu uhai: mtunzi anayepigania hisia na mtafiti anayepigania uaminifu, wote kwenye chumba kimoja cha studio ya Sound Techniques, Chelsea, kwa majuma machache. Na Denny hakuzikana nyimbo hizo. Alirudi Fairport mwaka 1974, na albamu yao ya jukwaani ya mwaka huo inaye akiimba "Matty Groves". Alifariki Aprili 1978, akiwa na miaka 31.

Wanaosema Unhalfbricking ni bora sina ugomvi nao mkubwa. Ina Lamble, ina "Who Knows Where the Time Goes?" ya Denny, na ni nyepesi zaidi kuingia. Nakubali pia kwamba "Come All Ye", wimbo wa kufungulia Liege & Lief, ni mkaribisho wenye furaha na si zaidi ya hapo. Lakini Unhalfbricking ni albamu ya nyimbo nzuri zilizokaa pamoja. Liege & Lief ni kitu kimoja, na mwaka 2006 wasikilizaji wa BBC Radio 2 waliichagua kuwa albamu ya muziki wa jadi iliyoacha athari kubwa kuliko zote.

Kwa ambaye bado ana shaka, ombi langu ni dogo. Aanze na upande wa pili: "The Deserter", kisha ile midundo ya fidla, kisha "Tam Lin", kisha "Crazy Man Michael". Asome maneno huku akisikiliza, na asiguse kitu kingine mpaka upande huo umalizike. Baada ya hapo aje tubishane.